Jinai haiozi, ila shati lenye damu huoza

Mauaji yakipita miaka bila mtu kufikishwa mahakamani, vijiwe vya kahawa kuanzia Mikindani hadi Nachingwea hutoa hukumu moja: faili limefungwa. Si kweli. Sheria ya Tanzania haina ukomo wa muda wa kumshtaki mtu kwa mauaji.

Wengine husubiri timu maalumu kutoka makao makuu ya polisi, wakidhani itakuja na mitambo. Kazi yenyewe huanza kwa kusoma jalada upya: nani alitajwa akasahaulika, shati lenye damu liko stoo gani, lilipita mikononi mwa nani. Makabidhiano hayo yakiwa na pengo, wakili wa utetezi ana pa kuanzia.

Kuhusu vinasaba (DNA), runinga imetudanganya sana kwamba hufumbua kila kesi. Stephen Lawrence aliuawa London mwaka 1993, na wawili wakatiwa hatiani mwaka 2012 baada ya vielelezo kupimwa upya na chembe ya damu ya Lawrence kuonekana kwenye jaketi la mmoja wao. Marekani, Joseph DeAngelo alikamatwa 2018 kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980, kwa kufuatilia vinasaba vya ndugu zake wa mbali. Kote huko kulikuwa na kitu kilichotunzwa. Nguo iliyofuliwa na majirani wenye huruma kabla polisi hawajafika itamwambia nini Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepima vinasaba?

Eti muda humsaidia muuaji tu? Ni kweli mashahidi hufa, na vibarua wa korosho hurudi kwao msimu ukiisha. Lakini mke aliyemficha mumewe huachika, maswahiba hugombana, na mtoto aliyeona akanyamazishwa hukua. Hao ndio ambao wapelelezi wa kesi za zamani huwarudia.

Jina lililotajwa kwa ramli si ushahidi, na limeshaleta mauaji mapya.

Mshtakiwa akitoka baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuondoa shauri, hajasafishwa. Anaweza kukamatwa tena.

Na anayesema polisi hawashtakiani wao kwa wao, akumbuke: Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu maofisa wawili wa polisi kunyongwa kwa kumuua mfanyabiashara wa madini mwaka 2022.

Familia yenye neno jipya, hata dogo, ilipeleke kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa pamoja na namba ya jalada, na iombe maelezo yaandikwe.