Kabla ya kuingia wodini, chanjo ya homa ya ini B kwa wanafunzi wa afya

Wanafunzi wakikaribia kuanza mafunzo kwa vitendo ofisi yetu hujaa malalamiko, ila safari hii yamezidi, wengine wanasema tunawanyanyasa na hii kadi ya chanjo, wengine wanauliza mbona kozi nyingine hawadaiwi. Najua hamna nia mbaya. Ila jibu mnalo kwenye madaftari yenu, na kwenye mtihani mmeliandika mkapata maksi zote.

Hapo ndo nashangaa. Mtu anakueleza kinga inavyojengeka mwilini hatua kwa hatua, ukimwambia kunja mkono wa shati anasema "mi sina shida na chanjo, ila hii ngoja kwanza". Unangoja nini? Ukichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B na huna kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 6 mpaka 30, kutegemea wingi wa virusi alivyonavyo. VVU ni kama asilimia 0.3. Mnaogopa VVU mpaka mnatetemeka, halafu hii yenye chanjo mnaiacha.

Kuna mwanafunzi alijichoma akirudishia kifuniko cha sindano, akaminya kidole chini ya bomba la maji, akavaa glavu mpya akaendelea na kazi. Alikuja kwangu siku ya tatu, kidole kimefungwa plasta, kadi ina dozi moja tu. Ile sindano ya kinga ya haraka, yenye kingamwili zilizo tayari, inatakiwa ndani ya saa 24, ikichelewa nguvu yake inapungua. Baadaye vipimo vilitoka salama, lakini hiyo miezi ya kusubiri alikonda. Na kuminya hakusaidii, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa hapohapo.

Kwa kweli sisi walimu tunachangia, madhara ya chanjo tunawafundisha kwa kurasa, ini lililoharibika hamjawahi kulishika. Madhara yapo, mkono kuuma na uchovu siku moja mbili ni kawaida, mzio mkali ni takribani mtu 1 kwa dozi milioni 1 na ndo maana tunawaweka kwenye benchi dakika 15. Habari za kuharibu uzazi jamani tuziache! Hakuna kirusi hai mle, ni protini ya gamba lake inayotengenezwa kwa hamira, hata mjamzito anachomwa.

Sasa utaratibu. Dozi ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza. Kati ya ya kwanza na ya pili zisipungue wiki 4, ya pili na ya tatu wiki 8, ya kwanza na ya tatu wiki 16. Ukichelewa hauanzi upya, unaendelea ulipoishia, hili nalirudia kila siku. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya tatu unapimwa kinga kwenye damu, ikiwa chini ya 10 mIU/mL unarudia mzunguko. Uliyechomwa utotoni lete kadi, usituletee maneno ya mama.

Usipokuwa na angalau dozi mbili huingii wodini, na siku utakazokosa utazilipa wakati wa likizo. Kadi ya kughushi inaenda kamati ya nidhamu, siwezi kuizuia hata ukilia. Na tunazijua, nimeshika moja yenye dozi tatu, wino mmoja, mwandiko mmoja, namba ya bachi (ya toleo la kiwandani) ileile kwa chanjo zilizoachana miezi 6.

Mwenye mzio mkali wa hamira au aliyeumwa vibaya baada ya dozi iliyopita asijifiche wala asiandike uongo kwenye fomu, aje na cheti cha daktari wiki mbili kabla ya kupangiwa wodi, kila mtu ataangaliwa kivyake na tutamwandikia barua ya kumruhusu.