Si Kuumwa Pekee Kunakowafufua Wafu wa Romero

Wapenzi wengi wa filamu za kutisha huamini kwamba katika Night of the Living Dead, aliyoiongoza George A. Romero mwaka 1968, mtu hufufuka kwa sababu tu ameumwa na mfu. Imani hiyo inatokana na Karen, mtoto aliyeumwa, ambaye baada ya kufa anamuua mama yake kwa mwiko wa mwashi. Lakini Johnny, bila kuumwa, anaanguka makaburini, kichwa kinagonga jiwe la kaburi, na baadaye anarudi kumburuta dada yake Barbra. Matangazo ndani ya filamu yanasema wazi kwamba waliokufa karibuni wanafufuka, hivyo maiti zichomwe upesi. Kwangu, hilo linatisha kuliko ugonjwa wowote, kwani hata marehemu wa nyumbani ni hatari.