Geji si skeli

Nimesikia tena mtu akiitaja modeli yake ya treni kuwa ni "ya geji 1:87", na safari hii nimeona bora niandike. 1:87 haiwezi kuwa geji. Hiyo ni skeli.

Skeli ni uwiano, ule ule tuliofundishwa kwenye ramani: vitu vyote vimepunguzwa mara ngapi, kuanzia kichwa cha treni na mabehewa hadi stesheni, miti na abiria wanaosubiri. Geji ni upana wa njia, yaani nafasi iliyopo kati ya reli mbili, ukipima kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine. Geji hutajwa kwa milimita, skeli haina milimita wala inchi.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza treni za kuchezea zinazopita kwenye reli za vipimo maalumu, na vipimo hivyo ikavipa namba: 1, 2, 3. Baadaye kikaja kidogo zaidi, kikaitwa 0. Namba hizo zilihusu upana wa reli tu. Treni zenyewe zilikuwa za bati, na ilitosha zipite kwenye kona bila kuanguka. Uwiano na treni halisi haukufuatwa kwa ukali. Watu walipoanza kutaka modeli zinazofanana kweli na treni za stesheni, majina ya geji yalikuwa yameshazoeleka, nayo yakabebeshwa na kazi ya skeli. Hata H0, inayopendwa kuliko zote, ilipata jina lake hivyo: ni nusu ya 0.

Katika H0, ambayo skeli yake ni 1:87, hesabu inakubali. Reli ina milimita 16.5, zidisha kwa 87 unapata karibu kabisa na milimita 1,435 za reli halisi ya Ulaya na Marekani. Hapo ndipo mtu anapodhani geji na skeli ni kitu kimoja. Lakini angalia Waingereza. Treni zao ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, kwa kuwa madaraja na mahandaki yao ni ya kubana, na mota za umeme za enzi ya kuanza kwa modeli hizo zilikuwa kubwa mno kuingia ndani ya kichwa cha treni ya Kiingereza kilichopunguzwa mara 87. Wakaongeza ukubwa wa bodi hadi 1:76.2, reli wakaiacha na milimita zake 16.5. Mtindo huo unaitwa OO, na mpaka leo ndio unaotawala kwao. Ukizidisha, reli ya OO inawakilisha njia yenye upana wa milimita 1,257 hivi, karibu sentimita 18 pungufu. Itazame treni ya OO kwa mbele, utaona mtu wa mabega mapana aliyebana miguu. Wapo Waingereza wasioweza kulivumilia hilo, hutengeneza wenyewe reli ya milimita 18.83, na mimi nawaelewa.

Milimita hizo hizo 16.5 hutumika New Zealand kwa skeli ya 1:64, kuwakilisha reli halisi ya milimita 1,067. Reli moja, treni za aina tatu, skeli tatu. Kwa hiyo kusema "ni geji ya 16.5" hakujamwambia mtu ukubwa wa treni yako.

Huku kwetu kosa hili lina ndugu yake, nalo linaniudhi zaidi. SGR, kifupi cha Standard Gauge Railway, yaani reli ya geji sanifu, imekuwa jina la treni ya kasi, treni ya umeme, treni mpya. Herufi hizo zinataja upana wa reli tu, milimita 1,435. SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, inavutwa kwa dizeli. Ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza 2024, ni ya umeme. Geji ni moja. Reli ya zamani ni ya milimita 1,000, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kuzuia behewa: pale Kidatu, zinapokutana, ni mzigo unaohamishwa.

Wala geji nyembamba haimaanishi treni ndogo. Garratt za daraja la 59, vichwa vya treni vya mvuke, zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na kipenyo cha boila kilizidi mara mbili upana wa njia iliyolibeba. Moja, namba 5918, iko Makumbusho ya Reli Nairobi. Simama mbele yake, kisha shusha macho uone magurudumu yalivyokaribiana.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiulizwa geji taja milimita, ukiulizwa skeli taja uwiano, na ukienda kununua taja vyote viwili. Reli ya milimita 45 itakufaa kwa SGR ukijenga kwa 1:32, na itakufaa kwa reli ya mita, ile ya milimita 1,000, ukijenga kwa 1:22.5. Anayetaka Garratt ya 1:87 aombe reli ya milimita 12, inayoitwa H0m. Akiomba "reli ya H0" tu atapewa ya 16.5, na hiyo ni ya SGR.