Hatoi matumizi, basi asimwone mtoto? Hapana, na naomba tuelewane

Meseji hii nimeipata tena, kinachobadilika huwa ni jina la mtumaji tu: "Wakili, huyu baba hatoi hata senti, nimeshamkatalia kumwona mtoto, sasa nataka mahakama impige marufuku kabisa." Halafu upande wa pili nako kuna mwenzake anayesema simwoni mwanangu kwahiyo na hela sitoi. Jamani. Hivi ni vitu viwili tofauti!

Matunzo ni haki ya mtoto. Kumwona mzazi asiyeishi naye nako ni haki ya mtoto, sio zawadi ambayo mama anampa baba akiwa na adabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 umeviweka mbalimbali kabisa, kuonana na mzazi unakuta ibara ya 9, matunzo ibara ya 27, na hakuna mahali paliposema kimoja kinalipia kingine. Sheria za nchi nyingi zinafuata hivyo hivyo. Mzazi akidaiwa matunzo, wakili anaomba amri itekelezwe, akatwe kwenye mshahara au mali yake ikamatwe, kutegemea sheria ya pale mlipo. Na anayenyimwa mtoto anarudi mahakamani kudai zile siku zake, huku hela ya matunzo inaendelea kutoka kama kawaida.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anayemficha mtoto huwa anajiharibia mwenyewe. Mahakimu wengi wanaangalia sana ni mzazi yupi atamwachia mtoto awe na uhusiano na yule mwingine, sasa wewe umeshaandika kwa mkono wako kwenye WhatsApp "humwoni mpaka ulipe", skrini shoti iko kwa wakili wa upande wa pili, mimi nitaitetea vipi hiyo? Huwa naisoma na kunyamaza kwanza.

Kama kuna kipigo, vitisho au mtoto ananyanyaswa, hapo tunaongea lugha nyingine. Usisubiri usuluhishi wala kikao cha familia, tunaomba amri ya dharura siku hiyo hiyo, na kuonana kama kutakuwepo kuwe chini ya usimamizi wa mtu mwingine. Ila naomba "ni mkorofi" isigeuzwe kuwa "ni hatari" ili kesi ipate uzito, ukibanwa maswali mbele ya hakimu ukaanza kujikanyaga, hata yale ya kweli uliyosema yataonekana ya kutunga.

Watu wanadhani wanamlipa wakili kwa ajili ya kuongea mahakamani, kumbe kazi kubwa iko kwenye maneno ya makubaliano. Nachukia sana sentensi hii: "Baba atamwona mtoto kwa muda unaofaa." Unaofaa kwa nani? Hiyo ni kesi nyingine imeshatungwa mimba. Mimi naandika hivi: Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya mwezi, anamchukua shuleni saa kumi jioni, anamrudisha kwa mama Jumapili saa kumi na moja, akichelewa zaidi ya nusu saa bila taarifa zamu hiyo imepita, sare na dawa ya pumu zinaenda na kurudi na mtoto. Wateja wanacheka, eti mpaka dawa? Ndio, mpaka dawa, kwa sababu saa tano usiku mtoto anabanwa na kifua hamtakuwa na hali ya kuanza kujadiliana.

Sasa kuna mambo ambayo hata mimi sina uhakika nayo. Ibara ya 12 ya ule Mkataba wa Haki za Mtoto inataka mtoto asikilizwe kulingana na umri na upeo wake, sawa, lakini mtoto wa miaka tisa akisema "sitaki kwenda kwa baba" kuna siku siwezi kabisa kujua kama ni yeye anaongea au kafundishwa nyumbani, na sidhani hakimu anajua kunizidi. Ripoti ya ustawi wa jamii nayo inaweza kutoka kwenye ziara fupi tu ambayo nyumba imepigwa deki na kila mtu anatabasamu, halafu tunaibeba kama ushahidi mzito. Na amri ya muda, ile ya nani akae na mtoto wakati kesi inaendelea, jamani, hii ya "muda" inaweza kukaa mpaka mtoto akazoea shule na marafiki wa upande mmoja, mwisho wa kesi mahakama inaogopa kumhamisha. Ndo maana nasisitiza ile hatua ya kwanza usiichukulie poa.

Kama mwenzako keshamvusha mtoto mpaka wa nchi bila ridhaa yako, acha kubishana naye kwenye simu, tafuta wakili leo. Kuna Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto waliochukuliwa, unafanya kazi pale nchi zote mbili zinapokuwa zimejiunga na zinautumia baina yao, na ni kwa mtoto ambaye hajafika miaka 16. Ombi likifika mahakamani kabla mwaka haujaisha tangu achukuliwe, kanuni ni arudishwe mara moja, isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka ukipita, upande wa pili unaruhusiwa kusema mtoto keshazoea huko.