Kipimo cha kujaa na kushindiliwa: Luka 6:38 katika nchi ya lumbesa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna aya ambayo Mkristo wa Mbeya anaijua hata kama hajafungua Biblia tangu kipaimara. "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa; kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, ndicho watu watakachowapa vifuani mwenu." Husomwa kabla vikapu vya sadaka havijapita. Husomwa kwenye harambee ya mabati. Siku hizi hutumwa alfajiri kwenye makundi ya WhatsApp, imeandikwa juu ya picha ya maua. Mimi nimefundisha Agano Jipya chuoni kwa miaka mingi, na sasa nahudumu usharika ulioko njia ya Uyole kwenda Isongole, ambako muumini asiyelima viazi basi ananunua, na asiyenunua anapakia. Huku "kushindiliwa" hakuhitaji ufafanuzi. Nikilitamka neno hilo mimbarini, nusu ya kanisa wanatazamana.

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Gunia la viazi mviringo likishajaa hadi mdomoni, mnunuzi haridhiki. Huongezewa kipande cha gunia jingine juu, viazi vikapangwa hadi viwe kichuguu, kisha likashonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo hadi sauti imekauka, lakini bei ya shambani hutajwa kwa gunia, si kwa kilo. Kile kichuguu kwa hiyo ni cha bure. Ushuru nao unapolipwa kwa gunia, halmashauri inapunjwa pamoja na mkulima. Kijana anayelibeba hadi kwenye fuso analipwa kwa gunia vilevile, na mgongo wake hauna kilemba cha ziada cha kubebea. Mzigo ukifika Dar es Salaam, viazi vinamwagwa na kuuzwa kwa sado, yaani kindoo kidogo, na pale hakuna anayejaziwa hadi kumwagika.

Sasa turudi kwa Luka. Picha aliyoitumia Bwana Yesu ni ya soko la nafaka. Muuzaji anajaza chombo, anakitikisa ili punje zishuke, anashindilia kwa mkono, anaongeza hadi zinamwagika kandoni, halafu anamimina kwenye pindo la vazi la mnunuzi, pale kifuani, mahali ambapo watu wa nchi ile walibebea vitu. Boazi alifanya jambo la jinsi hiyo katika Ruthu 3, alipompimia Ruthu vipimo sita vya shayiri ndani ya shela yake. Angalia ni nani anayeshindilia. Ni mwenye mali. Anajaza kwa mkono wake, kwa hiari yake, kwa ajili ya mtu aliyemjia na nguo tupu. Kwenye lumbesa anayeshindilia ni yule ambaye mali si yake, na mwenye shamba amesimama pembeni, hana la kusema, kwa sababu mvua inakuja, viazi vimeshachimbwa na ada ya mtoto inadaiwa. Ukitazama mikono tu utaona kitendo kimoja, lakini kimoja kinatoa na kingine kinanyang'anya.

Halafu soma majirani wa aya hiyo, maana aya ikitolewa nyumbani kwake inaweza kusemeshwa lolote. Aya ya 35 inahusu kuwapenda adui na kukopesha bila kutumaini malipo. Ya 36: "Basi, iweni na huruma, kama Baba yenu alivyo na huruma." Ya 37 ni kutohukumu, kutolaumu, kuachilia. Ndipo inafuata ya 38, na sentensi yake ya mwisho, ile ambayo kwenye picha za maua hukatwa: "Kwa kuwa kipimo kile kile mpimiacho ndicho mtakachopimiwa." Katika mtiririko huo, kinachotolewa ni huruma na msamaha kabla hakijawa noti. Mathayo analo neno hilohilo la kipimo (7:2), naye ameliweka kwenye habari za kuhukumu. Marko analo pia (4:24), ila kwake linahusu namna mtu anavyolisikia neno la Mungu. Waandishi watatu, mahali patatu, na hakuna hata mmoja aliyeliweka karibu na kikapu cha sadaka.

Sisemi sadaka isitolewe. Bati za kanisa letu hazikushuka kutoka mbinguni. Ila kwa sadaka Paulo ameandika sura mbili nzima, 2 Wakorintho 8 na 9, akichangisha kwa ajili ya watakatifu wahitaji wa Yerusalemu, na humo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Mchungaji mwenzangu, ukihitaji andiko la siku ya mavuno, hilo linatosha. Ukichukua Luka 6:38 na kumwahidi mjane kwamba elfu tano yake itarudi laki tano kabla ya Pasaka, umemfunga lumbesa.

Nisieleweke kwamba napinga desturi ya neno la siku. Sisi Wamoravian ndiyo imetulea. Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati huo, alianza kuwapa waumini wa Herrnhut, kule Ujerumani, neno moja la kuishi nalo kila siku mwaka 1728, na kitabu cha kwanza kilichochapwa kilikuwa cha mwaka 1731. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo. Lakini tazama inavyoandaliwa hadi leo: neno la Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha mtu hukaa na kulitafutia neno la Agano Jipya linaloendana nalo. Aya moja hupewa mwenzake, isitembee peke yake. Ninachowaomba waumini ni kwenda hatua moja mbele: ukipokea aya asubuhi, fungua Biblia yenyewe, soma aya tano za juu na tano za chini, kisha ujiulize nani anaambiwa. Chai ya rangi haitakuwa imepoa.

Kwa Luka 6:38 mimi humtafutia mwenzake katika Walawi 19. Watu wengi huikwepa Walawi wakidhani ni damu na mafuta ya sadaka tupu, lakini sura ile ni ya mtaani kabisa. Aya ya 9 na 10: usivune hadi pembe za shamba, mwachie maskini na mgeni. Aya ya 13: ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. (Enyi mnaowaambia vibarua "subiri niuze kwanza," aya hiyo haina nafasi ya kusubiri.) Aya ya 18 ni ile tunayoijua wote, "umpende jirani yako kama nafsi yako." Ukishuka hadi 35 na 36, unakuta mizani ya haki na efa ya haki. Efa, kwa makadirio ya wasomi wengi, ilichukua kama lita 22. Debe letu ni lita 20. Mungu anayeamuru kumpenda jirani anaamuru pia, ndani ya sura hiyohiyo, chombo chenye ukubwa wa karibu debe kisibonyezwe. Upendo wa jirani huko Walawi una lita na uzani.

Amosi anaongeza jambo linalonikosesha raha kila nikilisoma. Katika sura ya 8 wafanyabiashara wanauliza Sabato itaisha lini wafungue ghala, wapunguze efa na kuongeza uzito wa shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi. Wapo ibadani, hawajaikosa. Ila ndani ya vichwa vyao gunia limeshaanza kushonwa.

Haya si ya wanunuzi peke yao. Wapo wakulima wa Umalila na wa Mporoto wanaopanga viazi vikubwa mdomoni mwa gunia na kuficha vidogo na vilivyokatwa na jembe katikati. Amosi anawataja na wao, pale anaposema juu ya kuuza takataka za ngano. Wapo wafugaji wa Rungwe wanaoyatia maziwa maji kabla ya kuyapeleka kituoni, mpaka kipimo kinawaumbua mbele ya majirani; Isaya 1:22 ililalamikia divai iliyofanyiwa hivyohivyo. Na Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayesema "haifai kitu, haifai kitu," kisha akiondoka anajisifu. Nenda Soko la Mwanjelwa asubuhi yoyote utamsikia, na mara nyingi amevaa rozari au fulana ya kwaya.

Hapa ndipo naomba nikae kidogo, kwa sababu kipimo kibaya kuliko vyote sijakikuta sokoni. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo: moja la kununulia, jingine la kuuzia. Makanisani kwetu mawe hayo mawili yapo. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, jambo linajulikana wiki hiyohiyo, anazuiliwa Meza ya Bwana, anaondolewa kwaya, na siku ya kurudishwa kundini anasimamishwa mbele ya watu wote. Kijana aliyempa mimba mara nyingi anaendelea kupiga kinanda. Na mzee anayejulikana msimu hadi msimu kwa lumbesa, anayewakopesha wakulima mbolea kisha akachukua mazao yangali shambani kwa bei anayoitaja yeye, anakaa benchi la mbele na kuombwa afungue harambee. Sijawahi kusikia mtu amewekwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa ajili ya gunia. Luka 6:37 na 38 zimeshikana mikono kwa sababu hiyo: kuhukumu ni kupima, na anayempimia binti kwa jiwe kubwa na tajiri kwa jiwe dogo anatumia mizani ya hadaa, ambayo Mithali 11:1 inasema ni chukizo kwa BWANA. Kwenye baraza la wazee nimependekeza kwamba kama nidhamu ipo, na iwe moja. Na kama huruma ipo, ianze na binti. Hoja hiyo bado haijapita.

Wafanyabiashara wa usharika wangu huniuliza swali la haki kabisa: "Baba Mchungaji, mimi nikikataa lumbesa, mwenzangu wa Makambako atachukua mzigo wote. Nitakula nini?" Sitalijibu kwa aya peke yake. Mkulima mmoja akikataa, fuso inakwenda kwa jirani. Kitongoji kizima kikikataa, fuso haina pa kwenda. Kwa hiyo jambo hili linahitaji wakulima wakubaliane, wanunue mizani iliyohakikiwa na Wakala, bei itajwe kwa kilo. Kikundi cha kina mama kinachokopeshana kinaweza kuinunua. Hata usharika unaweza, na sioni kwa nini mizani isiwe mali ya kanisa kama vile kinanda kilivyo. Mnunuzi Mkristo yeye anaweza kuanza bila kumsubiri mtu: Luka 3:13, watoza ushuru walipomuuliza Yohana wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa."

Na faida ya miaka iliyopita? Zakayo hakuanza kwa kumletea Yesu fungu la kumi. Alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Walawi 6 inataka kilichochukuliwa kwa dhuluma kirudishwe chote na kuongezwa sehemu ya tano. Ukimkumbuka mkulima, mwendee, hata kama ni Isongole kwa bodaboda na mvua. Usipomkumbuka, au walikuwa wengi mno, anza na yule utakayenunua kwake msimu huu: mlipe kwa kilo, kisha juu ya kilo zake uongeze ile sehemu ya tano. Akishangaa na kukuuliza kulikoni, mwambie.