Kitanda Pekee Hakitibu: Dhana Potofu Kuhusu Uwezo wa Hospitali Wakati wa Korona

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, Tanzania siku tatu baadaye. Tangu hapo ubishi haukupoa: huyu anasema hospitali zimefurika, yule amepita getini asubuhi akakuta mabenchi hayana watu. Mara nyingi wote wawili walikuwa wakisema kweli. Walichokosana ni maana ya neno "nafasi".

"Vitanda vipo, kwa hiyo nafasi ipo"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na hata wakubwa waliiamini. Katikati ya 2020 serikali ya Kenya ilizitaka kaunti ziwe na vitanda visivyopungua 300 kila moja kwa ajili ya kuwatenga wagonjwa. Kaunti 47 mara 300 ni vitanda 14,100, tarakimu tamu kuisoma mbele ya kamera. Lakini watafiti waliokagua uwezo wa hospitali za nchi hiyo walihesabu vitanda vya wagonjwa mahututi 537, mashine za kupumulia 256, na kaunti 22 tu zenye angalau chumba kimoja cha wagonjwa mahututi.

Kwa mgonjwa wa korona aliyezidiwa, kitanda ni chuma na godoro. Kinachomshikilia ni oksijeni, na oksijeni huhesabiwa kwa lita kwa dakika. Chukua mtungi mkubwa wenye lita 6,800 ukiwa umejaa. Mgonjwa wa mpira wa puani anayevuta lita 5 kwa dakika atakaa nao saa 22 na ushei. Akizidiwa akavishwa barakoa yenye mfuko, inayohitaji lita 15, mtungi uleule unakwisha kwa saa saba na nusu. Akihamishiwa kwenye mashine inayosukuma hewa kwa kasi kupitia puani, lita 60 kwa dakika ikiwa karibu yote ni oksijeni tupu, mtungi haufikishi saa mbili.

Sasa weka wagonjwa 20 wa lita 15 katika wodi moja. Hiyo ni lita 432,000 kwa siku, yaani mitungi 64. Nani anaibeba kutoka kwenye lori? Nani anaibadilisha saa tisa usiku? Spana ya kufungulia iko kwa nani? Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa vitu vidogo: raba ya kwenye regileta, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi ya mtungi, imechakaa na gesi inavuja usiku kucha, au mtungi umeletwa na kichwa kisichooana na regileta iliyopo, au mtu amepaka mafuta valvu iliyokaza bila kujua kwamba mafuta na oksijeni yenye shinikizo vikikutana huwaka moto. Kwa anayeuguza ndugu, jambo moja la kushika: katika mtungi wa gesi mshale wa geji hausemi uongo. Ukisoma nusu, imebaki nusu. Usingoje ufike kwenye rangi nyekundu ndipo umwite muuguzi.

Mjini Manaus, Brazil, Januari 2021, hata waliopata vitanda na madaktari walikosa oksijeni. Mahitaji ya oksijeni yalipanda hadi zaidi ya mita za ujazo 70,000 kwa siku, wakati viwanda vya pale vilitoa takriban 28,000. Watu walikufa kwa kukosa hewa wakiwa wamelala vitandani, ndani ya hospitali.

Halafu kuna mikono. Wiki ina saa 168. Muuguzi anafanya kazi saa 40. Kuwa na muuguzi mmoja muda wote kando ya kitanda kimoja kunahitaji wauguzi wanne na ushei, na ukiweka likizo na kuugua, watano. Vitanda 10 vya wagonjwa mahututi kwa mtindo huo vinataka wauguzi 50 waliofunzwa kazi hiyo. Ukimpa kila mmoja wagonjwa wawili, 25. Fundi anaweza kuunganisha kitanda kwa siku moja, muuguzi wa mahututi hapatikani hivyo. Waingereza waligeuza ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, London, kuwa hospitali ndani ya siku tisa, wakaifungua tarehe 3 Aprili 2020 ikiwa na mpango wa kufika vitanda 4,000. Katika wimbi lile la kwanza ilitibu wagonjwa 54. Wanaobeza wanasema ni ushahidi kwamba korona ilikuwa chumvi. Sababu kubwa ni kwamba wauguzi wa kuihudumia ilibidi watoke hospitali zilezile zilizokuwa zimeelemewa, nazo zikaona heri zibanane zenyewe kuliko kuwatoa.

"Nimepita hospitalini kwa macho yangu, hakuna watu"

Ulichoona ni idara ya wagonjwa wa nje. Wakati wa mawimbi, kliniki za kawaida zilipunguzwa, upasuaji usio wa haraka ukaahirishwa, na wenye homa zao za kawaida wakakaa nyumbani kwa hofu. Mabenchi yakabaki matupu mbele huku wodi ya nyuma, isiyoruhusu wageni, imejaa. Mwenye kamera ya simu hafiki kule.

Lipo la pili, zito zaidi. Hospitali yaweza kuwa tupu kwa sababu watu wanafia nyumbani. Utafiti uliofanywa katika chumba cha kuhifadhia maiti mjini Lusaka, Zambia, katikati ya 2020 ulipima marehemu 364. Virusi vilikutwa kwa 70 kati yao, karibu mmoja katika kila watano. Katika hao 70, 51 hawakufia hospitalini, na katika hao 51 hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Kwenye tarakimu za taifa hawakuwemo. Tanzania nayo iliacha kutoa takwimu kati ya mwishoni mwa Aprili na mapema Mei 2020, ikiwa imefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na tarakimu hizo zikaganda kwa zaidi ya mwaka mzima. Kuna waliozinukuu miezi kumi baadaye kama uthibitisho kwamba ugonjwa umekwisha. Saa iliyosimama haithibitishi kwamba jua limesimama.

"Wodi iko nusu tupu, tahadhari za nini sasa?"

Hapa tatizo ni hesabu, na si ngumu. Idadi ya vitanda vitakavyokaliwa ni wagonjwa wapya kwa siku mara siku anazolazwa kila mmoja. Wakija 10 kwa siku na kila mmoja akilala siku 12, unahitaji vitanda 120. Wakija watano, 60. Hospitali haiwezi kuziamuru siku 12 ziwe sita, maana pafu linapona kwa mwendo wake. Kinachoweza kupunguzwa ni ile namba ya kwanza, na hiyo haipunguzwi hospitalini. Inapunguzwa sokoni, kanisani, msikitini, kwenye daladala na matatu.

Shida ya pili ni kuchelewa. Aliyeambukizwa leo huchukua siku kama tano kuona dalili, na anayezidiwa kwa kawaida huzidiwa wiki moja baada ya hapo. Maana yake, watakaolazwa kesho kutwa tayari wanatembea mtaani. Tuseme hospitali ina vitanda 100, wagonjwa 25, na idadi inajirudia maradufu kila siku tano. Leo unaona robo tatu ya wodi haina mtu. Baada ya siku tano ni 50. Siku ya kumi imejaa, na ya kumi na tano kuna watu 100 mlangoni. Anayesubiri wodi ijae ndipo atangaze barakoa, tangazo lake litaanza kufanya kazi karibu wiki mbili baada ya kuchelewa.

Hili halimaanishi kila amri iliyotolewa ilikuwa ya busara. Marufuku ya kutoka usiku iliyowafanya watu wasongamane kwenye magari saa moja kabla ya marufuku kuanza ilisogeza msongamano tu.

"Ukiwekwa mashine ya kupumulia umekwisha"

Wengi waliowekwa walikufa kweli, lakini waliowekwa ni wale ambao mapafu yalikuwa yamekwisha kushindwa. Ni sawa na kusema gari la zimamoto linaleta moto. Kosa halisi lililokuwepo mwanzoni mwa 2020 ni madaktari wa baadhi ya nchi kuwahi mno kuwatia wagonjwa mpira wa kooni. Baadaye wakajifunza kujaribu kwanza oksijeni ya kasi na kumlaza mgonjwa kifudifudi.

Utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulifuatilia wagonjwa mahututi 3,140. Waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 48.2, wakati wastani wa mabara mengine ulikuwa asilimia 31.5. Uhaba wa vifaa na wataalamu ulikuwa sehemu kubwa ya pengo hilo, na huenda baadhi walifika wamechelewa kwa sababu mtaani waliambiwa hospitali ni mahali pa kufia.

Tena dawa iliyookoa wengi ni ya bei ndogo. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa asiyehitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Kipande hiki cha mwisho ndicho kilichopotea njiani, watu wakaanza kuinunua dukani siku ya kwanza ya kikohozi. Inapandisha sukari na kudhoofisha kinga wakati ambao mwili unaihitaji.

"Nyungu inatosha, hospitali ya nini?"

Mvuke wa nyungu, yaani chungu cha kujifukizia, unaweza kulegeza kamasi na kumpa mtu nafuu ya pua. Virusi vilivyoko ndani kabisa ya mapafu hauvifikii kwa joto la kuviua, na ungefika, ungeliunguza pafu kwanza. Anayependa kujifukiza aangalie sufuria isimpindukie, watoto wakae mbali, na asiitumie nyungu kama sababu ya kutopima oksijeni.

Maana korona ina ujanja wake: mtu anaongea, anakunywa uji, huku oksijeni ya damu imeshuka. Oksimita ya kidoleni, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, ndiyo inayomfichua. Apumzike dakika tano, mkono uwe na joto na utulie kwenye meza, kifaa kikae kidoleni mpaka namba itulie, si chini ya dakika moja. Rangi ya kucha itolewe. Kwa dada zetu wa pwani, piko nyeusi kwenye ncha za vidole nayo huvuruga mwanga wa kifaa. Tumia kidole kisichopakwa. Ikisoma chini ya 94 zungumza na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, chini ya 90 nenda hospitali mara moja. Na kuna jambo watengenezaji hawaliandiki kwenye boksi: kwa ngozi nyeusi kifaa hiki kina tabia ya kupandisha namba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu uliofichika usioonekana kwenye kifaa ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo 93 ya mtu anayehema haraka usiibembeleze.

"Barakoa inakunyima hewa"

Haikunyimi. Molekuli za oksijeni na kabonidioksaidi hupita kwenye kitambaa bila shida. Mwekee oksimita fundi cherehani aliyeivaa tangu asubuhi, utaona. Kinachonaswa ni matone na chembe zilizobeba virusi. Iliyoacha pua nje ni kidevu kimevaa nguo.

"Serikali ilipuliza dawa barabarani, kwa hiyo palikuwa salama"

Hapa waliokosea walikuwa na vyeo. Miji mingi, Dar es Salaam ikiwemo, ilipuliza dawa stendi na masokoni. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kupuliza mitaani hakusaidii, na kumpulizia mtu ni hatari kwa macho na mapafu. Uchafu na vumbi huiua nguvu klorini kabla haijafanya kazi, na barabara haimkoholei mtu. Shirika lenyewe nalo lilichelewa: ilipofika mwisho wa Aprili 2021 ndipo lilipoandika bayana kwamba virusi husambaa kwa chembe zinazoelea hewani ndani ya vyumba visivyo na mzunguko mzuri wa hewa. Mwaka mzima tulinawa mikono kwa bidii huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi.

Wodi ya zamani yenye dari ndefu na madirisha pande mbili zinazotazamana ilikuwa salama kuliko chumba kipya cha vioo. Dirisha moja upande mmoja halitoshi, kwani hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Vivyo hivyo kwenye daladala, fungua la mbele na la nyuma, si lako tu.

"Mitambo imeshanunuliwa, tuko tayari"

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na pamoja na madarasa, sehemu yake ilikwenda kwenye vyumba vya mahututi na mitambo ya oksijeni. Mtambo wa namna hii huvuta hewa ya kawaida, huikandamiza kwa kompresa, huipitisha kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa nitrojeni, na kutoa oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Unakufa umeme ukikatika bila jenereta. Unakufa polepole zaidi chujio la vumbi lisipobadilishwa, au kikaushio kikiharibika na unyevu ukafika kwenye zeolaiti, ambayo haifuliwi wala haianikwi. Kompresa inaendelea kunguruma kama kawaida, bomba linatoa gesi, oksijeni ya mgonjwa haipandi. Hospitali isiyo na kipimo cha usafi wa oksijeni kinachosomwa na kuandikwa kila siku haiwezi kujua kwamba inachowapa wagonjwa ni asilimia 70.