Risasi kwenye maungio ya bodi ya gari la zamani: ni nini na inarekebishwaje

Kuna wenye magari ya zamani hapa Mombasa, wakikwaruza rangi pale rufu inaposhuka kukutana na ubavu wa nyuma wanakuta kitu cha kijivu, laini, ukikikata na kisu kinang'aa, afu fundi anawaambia hii takataka, toa tupige fila (ile pesti ya plastiki ya kujazia). Sio takataka. Hiyo ni risasi, sio ya bunduki, ni ile metali laini nzito (lead), na kiwanda chenyewe ndo kiliiweka.

Bodi za zamani, bati la rufu na la ubavu yalilaliana yakapigwa weldi ya madoa madoa, pakabaki mfereji unaoonekana, wakaujaza lehemu ya risasi asilimia 70 na stani (tin) 30, wakapiga tupa mpaka ukipitisha kiganja husikii pameungwa wapi. Mustang za miaka ya 60 zinayo hapo kwenye rufu, Jaguar Mk 2 ndo usiseme.

Utamu wake uko kwenye moto. Mchanganyiko huo unaanza kulainika kwenye nyuzi 183 na hauwi maji kabisa mpaka kama 255, hapo katikati unakuwa kama unga wa chapati uliokandwa, unausukuma na kibao cha mti mgumu kilichopakwa nta, hata kwenye bati lililosimama wima haumwagiki. Lehemu ya mafundi redio haifai kabisa, ile stani ni nyingi, ikipata moto inageuka maji palepale na kutiririka chini.

Mara nyingi risasi yenyewe haina kosa. Shida iko chini yake, asidi ya kulehemea iliyobaki ama maji yaliyopenya kwa ndani, afu hewa yetu ya chumvi inamalizia. Ukiona rangi imefura mstari ulionyooka kufuata maungio, ujue kutu iko chini, kupaka juu ni kutupa pesa.

Kuitoa risasi ya zamani, unaiyeyusha na tochi ya gesi, moto mdogo unaotembea usije ukapinda bati, unaikwangua ikiwa laini iangukie kwenye treya. Itoke yote kabla welda hajagusa hapo, manake risasi ikiingia kwenye weldi inaharibu, inatoka matundu na kupasuka. Bati likishang'aa paka pesti ya lehemu, pasha, futa na kitambaa cha pamba mpaka pote pawe rangi ya fedha, pakibaki doa jeusi risasi haitashika, rudia. Ndo unajaza sasa, ipande juu kidogo ya bati, iache ipoe yenyewe umalize na tupa.

Tupa, sio grainda wala msasa wa mashine! Vumbi la risasi ni sumu, watoto ndo linawaumiza zaidi. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa, Owino Uhuru iko hapa hapa, mtaa ulioathirika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu hiyo hiyo. Vaa maski, zoa na kitambaa kibichi, nawa kabla hujashika chakula.

Fila kwa mbonyeo mdogo sikatai, ila kwenye maungio yanayocheza itapasuka, na inanyonya maji.

Ukimaliza osha na maji ya moto yenye magadi kuua asidi, kausha sawasawa, piga praima ya epoksi siku hiyo hiyo, bati tupu likilala usiku mmoja huku pwani asubuhi lishaanza kutu.